Sikio Kwanza, Spana Baadaye

Fundi mmoja wa Mtopanga ana desturi inayowashangaza wateja wapya. Gari likiletwa kwake likiwa na mlio, sanduku la spana hubaki limefungwa. Kwanza atakuuliza maswali, kisha ataketi kando yako kwenye kiti cha mbele na kusikiliza, na asubuhi inaweza kusonga mbele kabla hajagusa nati hata moja. Wenye haraka huondoka. Wanaobaki hupata kuiona kazi ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi za mkono zilizo bora kabisa upande huu wa Kisauni: kutafuta asili ya mvumo au mtetemo wa gari, hatua baada ya hatua, mpaka pasibaki shaka.

Gereji yake haina ukuta. Ipo kando ya barabara ya ndani, chini ya mwarobaini mkubwa, na sakafu yake ni udongo ulioshindiliwa na kulowa oili miaka na miaka. Juu ya meza ya mbao vyombo vimepangwa kwa utaratibu usiobadilika: jeki mbili za mafuta, stendi nne za chuma, wilispana ya msalaba, mtaimbo mfupi, geji ya upepo, brashi ya waya, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na kopo la chaki. Hakuna mashine ya umeme hapo zaidi ya kompresa. Anaye kijana mmoja anayejifunza kazi, naye kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuvifuta vyombo hivyo na kuvirudisha kila kimoja mahali pake.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake ilipoingia matatu ya abiria 14, Toyota HiAce nyeupe yenye mstari wa manjano ubavuni. Dereva alikuwa kijana, na uso wake ulionyesha kwamba hakulala vizuri.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, baba. Habari ya kazi?"

"Kazi ipo, lakini gari linanitesa. Jana tumegeuza matairi, ya mbele yameenda nyuma, ya nyuma yamekuja mbele. Tangu hapo linavuma, na usukani unacheza mikononi."

"Kabla ya jana lilikuwa kimya?"

"Kimya kabisa."

Fundi alitabasamu kidogo. "Lilikuwa kimya, au ulikuwa husikii?"

Swali hilo lilifungua mengine. Tairi gani lilitoka wapi likaenda wapi? Nati zilikazwa kwa mkono au kwa bunduki ya upepo? Mvumo unaanza kwenye kasi gani? Ukiondoa mguu kwenye mafuta unapungua? Ukishika breki je? Gari likiwa na abiria na likiwa tupu, mlio ni ule ule? Hakumkatiza dereva hata mara moja. Kila jibu alilipokea kwa kuitikia, na kijana wake akaliandika kwa chaki juu ya kipande cha bati: mvumo kuanzia 40, mtetemo karibu na 70, bunduki ya upepo, matairi yamegeuzwa kwa mshazari, yaani la nyuma kushoto limekuja mbele kulia, na la nyuma kulia limekuja mbele kushoto. Kisha fundi akapiga mstari katikati ya bati. "Mvumo ni kesi moja," akasema. "Mtetemo ni kesi nyingine. Tusizifunge kamba moja mpaka zenyewe zituambie ni ndugu."

Kugeuza matairi ni jambo jema, na kila mwenye gari la kazi hulifanya. Tairi la mbele hubeba kona zote, kwa hiyo huliwa pembeni. La nyuma, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama HiAce, huliwa zaidi katikati. Ukiyabadilisha nafasi kila baada ya kilomita elfu nane au kumi, yote manne huisha kwa pamoja. Tairi si kitu cha kuchezea kwa bei. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza Firestone na baadaye Yana kilisimamisha kazi mwaka 2016, na siku hizi matairi mapya tunayovaa hushushwa kutoka melini. Dereva huyu alitenda la busara. Lakini kila tairi huchukua umbo la mahali lilipokaa, na ukilihamisha linahama na historia yake. Kelele inayotokea baada ya kugeuza huenda ilikuwepo zamani, nyuma kabisa, chini ya viti vya abiria na redio, na sasa imeletwa chini ya miguu ya dereva. Kwenye HiAce dereva hukaa juu kabisa ya ekseli ya mbele. Tairi la mbele kulia li karibu naye kuliko kitu kingine chochote kinachogusa lami.

Au huenda kelele ni mpya, imezaliwa wakati gurudumu lilipofunguliwa na kufungwa. Kazi ya fundi ni kuyatenganisha mambo haya mawili.

Alianza na nati, kwa sababu gurudumu lisiloshika vizuri halijaribiwi barabarani. Alichukua wilispana akazunguka gari, gurudumu moja baada ya jingine, akiigusa kila nati kwa nguvu ndogo, nguvu ya kuuliza tu. Zilikuwa sita kila gurudumu, ishirini na nne kwa jumla. Ishirini na mbili hazikujibu. Mbili za mbele kushoto, zilizokuwa jirani, zilizunguka karibu robo nzima bila ubishi. Hapo fundi mwingine angezikaza, akashukuru, akamruhusu mteja aende. Huyu alitoa chaki, akapiga alama kwenye kila nati kati ya hizo mbili na alama nyingine kwenye rimu mkabala nayo, kisha ndipo akazikaza. "Usalama kwanza," akamwambia kijana wake, "lakini ushahidi tusiupoteze. Nati haijilegezi bila sababu."

Akapima upepo wa matairi yote. Ulikuwa sawa. Akapitisha macho kwenye mifereji ya matairi kutafuta jiwe au msumari, kwa kuwa kokoto moja iliyokwama inaweza kulia tik-tik-tik na kumpotezea mtu siku nzima. Hakuna. Akafunga milango, akazima redio, akamwacha makanga kwenye benchi pamoja na kelele zake, na sisi wengine tukapanda. Dereva alishika usukani. Fundi alikaa kushoto kwake. Kijana alitumwa kiti cha nyuma kabisa, na mimi nikakaa katikati.

Mwanzo wa safari ulikuwa polepole kuliko mwendo wa baiskeli. Tairi la saizi ya 195R15 linalovaliwa na HiAce nyingi likizunguka mara moja husogea mita mbili na kidogo. Maana yake ni kwamba kwenye kilomita 8 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara moja kila sekunde. Fundi hakuitaja hesabu hiyo, lakini aliujua mwendo wake. Alimwomba dereva ashikilie kasi hiyo kwenye kipande cha lami kilichonyooka, akaweka kidole kwenye goti na kungoja. Tairi lililovimba kwa ndani, ambalo nyaya zake za chuma zimeachana na mpira, hunyanyua gari kidogo kila mzunguko hata kwenye kasi hiyo: gwa, gwa, gwa. Kidole hakikupata kitu cha kuhesabu. Akatikisa kichwa, na dhana ya kwanza ikafutwa.

Tukaingia barabara kuu ya Malindi tukashika njia ya Shanzu. Kwenye 40 mvumo ulianza, sauti nzito ya chini, vuuu, bila kupanda wala kushuka. Kwenye 60 ulijaa gari. "Toa gia, iache huru," fundi akasema. Injini ikashuka ikapumua peke yake, na mvumo ukaendelea vile vile, ukififia tu kadiri gari lilivyopunguza mwendo. Kwa hiyo injini haihusiki, wala gia. Lililobaki ni kila kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Kisha akamwomba dereva, barabara ilipokuwa wazi mbele na nyuma, ayumbishe gari polepole kushoto na kulia ndani ya njia yake. Hiki ndicho kipimo cha beringi. Ukipinda kushoto, uzito wa gari hulala upande wa kulia. Beringi ya kulia ikiwa imechoka italalamika wakati huo, na ikipunguziwa mzigo itanyamaza. Tulipinda kushoto, tukapinda kulia. Mvumo haukujali. Lakini tulipotoka kwenye lami yenye kokoto kubwa tukaingia sehemu laini, sauti ilibadilika mara moja, ikawa nyembamba na wazi zaidi. Fundi alinyanyua kidole kumwonyesha kijana wake kupitia kioo. Beringi haijui gari linakanyaga nini. Tairi linajua.

Mtetemo ulikuja kwa wakati wake. Karibu na 70 usukani ulianza kutikisika kushoto na kulia kwenye viganja vya dereva, wala sakafu na viti havikushiriki. Fundi aliuliza nyuma, "Wewe huko unahisi nini?" Kijana akajibu kwamba kiti chake kimetulia. Mtikisiko wa usukani hutoka mbele. Mtikisiko wa kiti na sakafu hutoka nyuma. Kwenye 70 kila gurudumu huzunguka karibu mara tisa kwa sekunde, na hitilafu ndogo hapo huwa kubwa. Gramu 30 tu za risasi zikikosekana ukingoni mwa rimu, kwenye 80 hulivuta gurudumu kwa nguvu kama ya kilo mbili na nusu, mara kumi kila sekunde, na kasi ikiongezeka maradufu nguvu hiyo huongezeka mara nne. Magari ya abiria Kenya yamefungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa tangu sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004. Mtetemo wa dereva huyu ulikuwa umejificha kwenye ngazi ya mwisho ya kasi anayoruhusiwa, na ndiyo maana mtu aliyelijaribu gari mtaani tu hangeuona.

Tuliporudi chini ya mwarobaini, fundi alishuka kabla ya gari kupoa, akazunguka tena. Safari hii aliweka mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila rimu. Beringi inayokufa au breki inayoburuza hupasha gurudumu lake joto kuliko mengine. Yote manne yalikuwa na joto moja. Hakusema kitu. Alichuchumaa mbele ya tairi la kulia, akaupitisha mkono juu ya uso wake kuelekea mbele, taratibu, macho yakitazama pembeni kama anayesikiliza. Kisha akaurudisha nyuma. Akamwita dereva afanye hivyo hivyo.

Nami niliweka mkono. Ukipapasa kwenda mbele, mpira ni laini. Ukirudisha kiganja, kila donge la mpira linakukwaruza kwa ukingo wake. Mtu wa pwani aliyewahi kushika ngozi ya papa anaijua hali hiyo. Katikati ya ule mkwaruzo, mkono ulizama na kupanda, kukawa na vibonde vya kina kidogo vilivyofuatana kwa nafasi karibu sawa kuzunguka tairi lote. Kwa macho vilikuwa vigumu kuonekana. Alama za kikomo zilizo ndani ya mifereji, zile zinazosimama kwenye milimita 1.6, zilikuwa bado chini kabisa. Tarakimu nne za ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, zilionyesha tairi ambalo umri wake haujawa tatizo. Kwa kila kipimo cha kawaida lilikuwa tairi zima. Mkono peke yake ndio uliosema vingine.

"Hili lilikuwa nyuma kushoto," fundi akasema. "Limeliwa hivi likiwa huko. Lilikuwa linavuma huko, abiria wakilisikia wakidhani ndivyo gari lilivyo. Jana limekuja mbele kulia, na kwa kuwa limevuka upande, sasa linazunguka kinyume cha lilivyozoea. Zile kingo zilizoinuka zinapiga lami kwa uso."

Palikuwa na maelezo kamili ya mvumo, na yeyote angetosheka nayo. Yeye aliyaita dhana. Alimwambia kijana aandike kwenye bati: tairi la mbele kulia, bado kuthibitishwa.

Ndipo jeki ilipoingia. Mawe yaliwekwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbele ya gari likanyanyuliwa, stendi mbili zikasukumwa chini ya chasisi, na jeki ikalegezwa kidogo mpaka uzito ukalala kwenye stendi. Jeki hunyanyua, stendi hubeba; kwenye gereji hii hakuna anayeingia chini ya gari lililosimama kwa jeki. Fundi alishika tairi la kulia juu na chini akalitikisa: hilo ni swali la beringi na boljointi. Akalishika kushoto na kulia akatikisa tena: hilo ni la tairodi. Palikuwa kimya, hakuna kilichogonga. Akalizungusha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka kwenye chuma kinachobeba gurudumu. Beringi iliyochunika hupitisha mkwaruzo kwenye chuma hicho, mkwaruzo ambao sikio halisikii lakini vidole vinapata. Alifunga macho. Aliliacha gurudumu lizunguke mpaka liliposimama lenyewe, kisha akarudia upande wa kushoto. Beringi zote mbili zilikuwa nzima.

Sasa chaki. Alichukua kopo la rangi lililojaa mchanga, akaliweka chini mkabala na ubavu wa tairi la mbele kushoto, akachomeka kipande cha chaki kwenye mchanga kikalala kuelekea tairi. Akalisogeza kopo kidogo kidogo, huku kijana akilizungusha gurudumu polepole sana, mpaka chaki ilipokaribia kugusa. Mzunguko mmoja: hakuna. Akasogeza unene wa ukucha. Mzunguko wa pili: chaki iligusa, ikachora mstari mfupi kwenye ubavu wa tairi, kisha nafasi ikafunguka, na kwa sehemu iliyobaki ya mzunguko haikugusa tena. Gurudumu lilikuwa linayumba kwa ubavu. Upande wa kulia, alipofanya hivyo hivyo, chaki ilichora karibu mzunguko mzima.

Kuyumba huko kungeweza kutoka sehemu mbili. Ama rimu imepinda, ama habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, haikai sawa. Nilichokiona baadaye ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Fundi alipiga alama kwenye studi iliyokuwa jirani na ule mstari wa chaki. Akalegeza nati zote sita, akalivuta gurudumu mpaka likaachana na studi, akalizungusha nusu duara, akalirudisha juu ya studi zile zile, akakaza. Hakuchungulia nyuma yake. Akarudisha kopo mahali pale pale, na kijana akazungusha.

Kama rimu ndiyo iliyopinda, mguso ungehama nayo, na mstari mpya ungeangukia juu ya mstari wa zamani. Mguso haukuhama. Chaki iligusa mkabala na studi ile ile yenye alama, na kwenye ubavu wa tairi ilichora mstari wa pili upande wa pili kabisa wa ule wa kwanza. Rimu ilikuwa imeachiliwa huru.

Kijana aliuliza swali nililokuwa nalo mdomoni. "Si ungelitoa tu, ukasafisha habu, ukarudisha?"

"Ningesafisha, na lingepona," fundi akajibu. "Lakini kesho likirudi na mtetemo, ungeanzia wapi? Ungekuwa hujui tumeponya nini."

Gurudumu lilitolewa likalazwa chini. Kwenye uso wa habu, mkabala na zile nati mbili zilizokuwa legevu, kulikuwa na gamba la kutu lililoshikamana na tope kavu, limebanwa likawa gumu. Hewa ya bahari hula chuma Mombasa nzima, na uso ambao rimu huukalia ni mmoja wa nyuso ambazo kutu hukaa bila kuonekana mpaka siku gurudumu linapotolewa. Jana lilipotolewa, gamba liliachia upande mmoja likajikunja. Rimu ikafungwa juu yake, na bunduki ya upepo ikakaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine kushika. Nati zilisikika zimebana. Zilikuwa zimebana juu ya kutu, na kutu ilipopondeka kwa safari za siku moja, zikabaki na nafasi.

Unene wa gamba lile haukuzidi milimita moja. Lakini ukiinua ukingo wa habu yenye upana wa sentimita 15 kwa milimita moja, ukingo wa tairi lenye kipenyo cha sentimita 69 utayumba karibu milimita nne na nusu. Mtu anayelijua hilo hawezi kuidharau brashi ya waya. Kijana alisugua habu mpaka chuma kikang'aa, kisha mgongo wa rimu, kisha mashimo sita ambamo nati hukaa, kisha nyuzi za kila studi. Fundi alipitisha kidole gumba kuzunguka habu, akasimama mahali pamoja, akamrudishia brashi bila neno. Kijana akasugua tena.

Kufunga kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Nati zote sita zilianzwa kwa vidole, mpaka zikakaa. Kisha wilispana, kidogo kidogo, kutoka nati moja kwenda ile inayokabiliana nayo, kisha jozi nyingine, ili rimu ivutwe sawasawa pande zote. Gari likashushwa mpaka tairi likagusa ardhi tu na kukataa kuzunguka, na hapo spana ya kupimia ikamaliza kazi kwa mpangilio ule ule. Baada ya kulinyanyua tena kidogo, kopo la mchanga lilirudishwa. Chaki iligusa karibu mzunguko wote. Magurudumu matatu yaliyobaki yalitolewa pia, habu zikasuguliwa, zikafungwa vivyo hivyo, kwa sababu yalipitia mikono ile ile ya jana.

Bado dhana ya mvumo ilikuwa ikisubiri kwenye bati. Tairi la mbele kulia lilirudishwa lilikotoka, nyuma kushoto, na lililokuwa nyuma kushoto likaja mbele kulia. Hakuna kingine kilichobadilishwa. Tukarudi barabara ya Malindi kwa njia ile ile, kasi ile ile, redio imezimwa. Kwenye 40 kiti cha mbele kilikuwa kimya. Kwenye 60 kijana alipaza sauti kutoka nyuma, "Liko hapa, ami, liko chini yangu!" Mvumo ulikuwa umehama pamoja na tairi. Kwenye 70 dereva aliachia vidole vyake vilegee kwenye usukani, nao ulibaki umetulia.

Mtu mwingine angeishia hapo. Fundi aliingia chini ya gari upande wa nyuma kushoto na tochi ya simu. Tairi halijili lenyewe kwa vibonde. Hurushwa na kuangushwa na kitu kilichoshindwa kulituliza. Shoki ya upande huo ilikuwa imelowa oili kuanzia katikati hadi chini, na vumbi limeganda juu yake. Ya kulia ilikuwa kavu. Kila tuta na kila shimo, gurudumu la kushoto lilikuwa linaruka mara kadhaa badala ya mara moja, na kila lilipotua liliacha alama yake kwenye mpira. Angeliweka hapo tairi jipya, lingeliwa vile vile. Alimshauri dereva abadilishe shoki zote mbili za nyuma, alitumie lile tairi nyuma mpaka liishe, apeleke magurudumu ya mbele yakabalansiwe kwa mashine, na arudi baada ya kama kilomita mia moja ili nati zikaguliwe, kwa sababu chuma kilichosuguliwa upya huhitaji kukaa. Alimpa pia lile bati lenye maandishi ya chaki alisome mwenyewe, kutoka juu hadi chini, apate kujua kila kilichoulizwa na kila kilichojibiwa.

Kisha ikaja habari ya malipo. Bei ya shoki haikubishaniwa. Ni kitu, kina boksi, unakibeba mkononi. Ubishi ulikuja kwenye ufundi. Makanga, aliyekuwa ameketi benchini muda wote huo, aliuliza ni kipi hasa kilichotengenezwa, maana hakuona kipuri kilichobadilishwa. Fundi hakukasirika. Alitaja bei yake mara moja, na dereva, aliyekuwemo garini safari zote mbili, akalipa bila kupunguza.

Swali la makanga linatuhusu wengi. Magari yetu hushuka Kilindini yakiwa yametumika hadi miaka minane, kisha tunayafanyisha kazi miaka mingine mingi juu ya hiyo, kwenye matuta, mashimo na chumvi. Tumezoea kulipia kinachoonekana: beringi mpya, tairi jipya, rimu mpya. Dereva huyu angeweza kununua vyote vitatu siku hiyo na kuondoka na mtetemo wake. Kilichomwokoa ni mtu aliyekataa kukisia, aliyefuta dhana moja moja, aliyebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kungoja jibu. Huo ni utaalamu kamili, sawa na wa mtu yeyote aliyesomea kupima na kuthibitisha, na unastahili kulipwa kwa jina lake, kwenye mstari wake wa risiti. Ukimpata fundi wa namna hiyo Mtopanga au popote, mlipe kwa kusikiliza kwake kama unavyomlipa kwa kukaza, na umwachie muda anaouhitaji.